Mgeni Tunayemwendea

Katika kata ya Piyaya, wilaya ya Ngorongoro, sisi vijana wanne wa kwaya tunarekodi podikasti ya mazungumzo ya imani. Vifaa vyetu ni simu mbili, kipaza sauti kidogo cha kubana kwenye shuka, na paneli moja ya sola. Mtandao haushiki kila mahali, kwa hiyo vipindi vyetu vingi husafiri kwa kadi za simu, mtu akimpa mwenzake, hasa siku ya mnada. Wanaotusikia hutuuliza sana kuhusu vifaa hivyo. Wachache hutuuliza kuhusu kazi iliyo ngumu kuliko zote, yaani kumpata mgeni na kumwomba azungumze. Ni katika kazi hiyo imani yetu imepimwa, nasi tunapenda kuishuhudia hapa.

Kanisa halikuanza leo kuwafikia watu kwa sauti. Katika miaka ya 1960 na 1970, vipindi vya Kiswahili vilivyoandaliwa Moshi vilirushwa kutoka Addis Ababa, kwenye kituo cha redio cha Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, hadi serikali ya Ethiopia ilipokitaifisha kituo hicho mwaka 1977. Siku zile msemaji alikwenda studio. Siku hizi studio inaingia katika mfuko wa begani, nasi twaweza kumfuata msemaji hadi bomani kwake. Basi tumfuate nani?

Wageni wetu wa kwanza walipatikana kwa urahisi: mchungaji, mwalimu, mhudumu wa zahanati. Hao wana simu, wamezoea kusimama mbele za watu, na ujumbe mmoja ulitosha. Walizungumza vizuri na tunamshukuru Mungu kwa ajili yao. Kisha mzee mmoja wa kanisa akatuuliza, "Na wale wanaokaa karibu na mlango, mtawafikia lini?" Alikuwa akiwasema akina mama wanaochelewa ibada kwa sababu ya maji na ndama, na wazee wasiojua kusoma. Tulipoanza kuwaendea, jibu lilikuwa moja karibu kila boma: "Wanangu, mimi sina la kusema."

Ndugu msomaji, tulilitafakari jibu hilo pamoja na mfano wa karamu kuu katika Luka 14. Walioalikwa walitoa udhuru, mmoja kwa shamba, mmoja kwa jozi tano za ng'ombe, na mmoja kwa kuwa ameoa. Kwetu udhuru wa ng'ombe si dharau. Kati ya Januari na Machi nyumbu huzaa kwenye nyanda za nyasi fupi, na ndama wao hubeba ugonjwa usiowadhuru wao lakini unaoua ng'ombe. Wafugaji huondoa mifugo yao mapema na kuipeleka mbali, na wanaume wengi huondoka nayo. Ukimwalika mzee wakati huo naye asitokee, hajaikataa karamu. Yuko anakookoa maisha ya nyumba yake. Kwa hiyo kalenda ya podikasti yetu inafuata nyumbu na mvua, na miezi hiyo tunawatafuta waliobaki nyumbani.

Lakini wale wasiokuwa na udhuru wowote, wanaosema tu hawana la kusema, walitufundisha zaidi. Katika mfano ule mtumwa alitumwa atoke, aende barabarani na vichochoroni. Na katika Luka 19 Bwana Yesu hakumwita Zakayo aje mahali fulani, bali alitaka kushinda nyumbani kwake. Mwalikaji akawa mgeni.

Jambo kama hilo limewahi kutokea jirani nasi. Mwaka 1966 padre Mmarekani, Vincent Donovan wa Shirika la Roho Mtakatifu, alikuwa katika misheni ya Loliondo. Misheni ilikuwa na shule na ilihudumia wagonjwa, lakini aliona kwamba hakuna aliyekaa na Wamaasai wenyewe kuzungumza habari za Mungu. Alimwandikia askofu wake kuomba ruhusa ya kuyaendea maboma kwa mazungumzo hayo tu. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1978 anasimulia jinsi mzee aitwaye Ndangoya alivyomzuia kuwagawa watu wake wakati wa ubatizo, waliohudhuria kila fundisho upande mmoja na waliokosa kwa kuchunga upande mwingine. Padre alimsikiliza, akawabatiza wote. Aliyekwenda kufundisha alirudi amefundishwa.

Nasi tumejiwekea utaratibu. Siku ya kwanza tunakwenda kusalimia tu. Tunaanza kwa mwenye boma, kisha tunakaa na yule tunayemtafuta, tunakunywa chai ya maziwa, tunasikiliza habari za mifugo na za watoto. Tunabeba sukari na majani ya chai kama mgeni yeyote, wala hatulipi fedha. Siku ya pili tunaeleza kazi yetu bila kuficha: tutauliza nini, nani atasikia, na kwamba sauti ikishaingia kwenye simu za watu hairudi. Tunauliza pia ni jambo gani asingependa kuulizwa. Siku ya tatu, akikubali, tunarekodi ndani ya nyumba kwa sababu ya upepo, naye anazungumza Kimaasai. Muhtasari wa Kiswahili tunauweka wenyewe baadaye. Mwisho tunarudi kumsikilizisha kabla mtu mwingine hajasikia.

Utaratibu huo ulijaribiwa na koko mmoja, ndivyo tunavyowaita bibi zetu. Alikataa mara mbili, ya tatu akakubali. Tulimuuliza ni lini alimwomba Mungu kwa nguvu zote. Alikwenda moja kwa moja hadi Juni 2022, vigingi vya mpaka vilipowekwa kutenga eneo la kilomita za mraba 1,500 kwa ajili ya hifadhi, na kata yetu ikaguswa. Alisimulia usiku alioondoka na mbuzi na wajukuu, akavuka hadi Kenya bila kujua mwanawe mkubwa yuko wapi. Alisimulia karibu saa nzima. Hatujawahi kurekodi ushuhuda kama ule.

Tuliporudi kumsikilizisha, alisikiliza hadi mwisho bila kusema neno. Kisha akauliza, "Sauti hii ikitoka kwenye simu ya mtu nisiyemjua, mwanangu ataulizwa nini?" Hatukuwa na jibu. Akatuomba isitoke.

Jioni ile tulibishana sana. Tungeweza kuficha jina lake, lakini Piyaya mtu hujulikana kwa sauti kabla hujamwona uso. Tungeweza kumpa mwingine asome maneno yake, lakini kisa ni chake na kingemrudia. Mmoja wetu alisema kanisa linalonyamaza nalo litaulizwa na Mungu, na kwamba mateso yakizikwa kimya yatawapata wengine. Maneno hayo yana uzito, na hatuyadharau hata leo. Lakini wengine tulisema ushuhuda hutolewa na mwenyewe, hautwaliwi kwake. Hatuwezi kubeba msalaba kwa mabega ya koko ambaye hakuomba kuubeba mbele za watu.

Tuliomba, tukarudi kwake kesho yake, tukamuuliza tena. Alikataa tena. Tukaifuta sauti mbele yake, kwenye simu zote mbili. Alitupa ruhusa ya jambo moja: tuseme kwamba palikuwa na mama aliyeomba usiku ule, na kulipokucha wajukuu wake wote walikuwa hai. Tumelisema.

Mwenzetu yule hajaridhika kabisa, wala hatumlazimishi. Tunaona ni heri awepo mmoja kati yetu anayetuuliza tunanyamaza kwa ajili ya nani. Lakini habari ya kufuta ilienea bomani kuliko kipindi chochote tulichowahi kutoa. Miezi michache baadaye akina mama wawili walikuja wenyewe kanisani, wakasema wao wako tayari, kwa kuwa wamesikia kwetu neno la mtu likikataliwa na mwenyewe linakataliwa kweli.

Kwa ninyi vijana wa sharika nyingine mnaotaka kuanza kazi kama hii, tunawasihi msianze na vifaa. Anzeni na miguu. Nendeni mkanywe chai kwa mtu anayesema hana la kusema, na mkae hadi mzoeane. Akikubali, mshukuruni Mungu. Akikataa, ageni kwa heshima, na siku nyingine mrudi kumsalimia, hata kama hamtarekodi kitu.