Bredauni ya Baba Mdogo

Mwezi huu wote nimekuwa na kazi mbili. Ya kwanza ni hii mnayoijua, ya kukimbiza habari na kubishana na mhariri. Ya pili haina mshahara: mimi ndiye karani, tarishi na mwanasheria wa bandia wa kampuni ya baba mdogo, kampuni ambayo haijaanza kufanya kazi hata siku moja.

Baba mdogo amestaafu. Miaka 29 amekuwa fundi wa magari makubwa, chini ya injini za watu, mpaka mafao yake yakatoka. Mnajua inavyokuwa mzee akipata mafao hapa mjini. Kila mtu anakuwa mshauri. Mmoja akamwambia nunua bodaboda tano uwape vijana. Mwingine akasema kuku wa mayai. Shemeji yake akaja na kiwanja cha Chanika. Yeye akawasikiliza wote, akawapa chai, kisha akasema anataka bredauni.

"Kuku wanakufa, mwanangu. Magari hayaachi kuharibika."

Ukweli ni kwamba anajua anachokisema. Kaa pembeni ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kwenda Kibaha, saa nne za usiku, uhesabu magari yaliyowasha taa za tahadhari. Halafu mengi ya magari yetu madogo ni mitumba ya Japani yenye gia za otomatiki. Gari la namna hiyo huwezi kulifunga kamba na kulivuta tu huku matairi yanayoendesha yakizunguka chini, kwa sababu pampu inayosukuma mafuta ya gia inaendeshwa na injini, na injini imezimwa. Gia zinazunguka bila kulainishwa. Umeokoa shilingi kidogo za kuvutwa, umeua gia boksi. Ndiyo maana baba mdogo hataki bredauni ya ndoano. Anataka Canter yenye bodi inayolala hadi chini, na winchi mbele ya kupandishia gari.

Canter ameipata. Karatasi ndizo hakuwa nazo. Akaniita siku ya Jumapili, nikamwamkia, akaitikia, akaniambia: "Wewe umesoma Mlimani, na kazi yako ni kuuliza watu maswali. Haya, nenda kaniulizie."

Basi nikaanza kuuliza.

Kwanza jina la biashara. Hilo ni BRELA, na siku hizi halina foleni, tangu mwaka 2018 usajili unafanyika kwa mtandao. Unahitaji namba ya kitambulisho cha taifa na uvumilivu pale mtandao unapokwama. Kisha TRA kwa ajili ya TIN, ambayo hutolewa bure. Nasisitiza BURE, kwa sababu nje ya ofisi nyingi za serikali yupo kijana mwenye bahasha ya kaki atakayekwambia ana mtu wake ndani. Huyo ni kishoka. Huyu wetu alitaka laki tatu kwa "kifurushi chote". Baba mdogo akamuuliza kama kifurushi hicho kina risiti. Kijana akaondoka.

Kisha leseni ya biashara, chini ya sheria ya mwaka 1972, sheria iliyonizidi umri kwa mbali. Kwa biashara ya kiwango chetu inatolewa na halmashauri. Hapa ndipo mzee alipoanza kupandisha sauti, maana wanataka mkataba wa pango wa mahali biashara ilipo.

"Biashara yangu ipo barabarani! Ofisi yangu ni simu!"

Ana hoja, na nilimwambia hivyo. Lakini leseni inataka anuani. Tukapanga fremu ndogo Kimara, yenye meza moja na kiti kimoja, na kalenda ya mwaka jana aliyoiacha mpangaji wa kwanza.

Baada ya hapo gari lenyewe. Umiliki uhamishwe jina. Namba za njano za gari binafsi zibadilishwe kuwa nyeupe za biashara. Ile ada ya kila mwaka ya leseni ya gari ilifutwa mwaka 2017 na kuhamishiwa kwenye bei ya mafuta, kwa hiyo hapo tukapumua. Halafu LATRA, ambayo wazee bado wanaiita SUMATRA ingawa sheria ilibadilika mwaka 2019, kwa ajili ya leseni ya kubeba mizigo kwa malipo. Dereva wa gari kubwa awe na daraja E kwenye leseni yake. Na ukitoka nje ya mji na gari la mtu mgongoni, ukumbuke mizani, kwa sababu gari la mizigo lenye uzito wa zaidi ya kilo 3,500 linatakiwa lipimwe. Ukifika Vigwaza usijifanye huoni kibao.

Bado utingo. Ukimwajiri mtu, kuna NSSF, asilimia 20 ya mshahara ukijumlisha sehemu ya mwajiri na ya mwajiriwa, na kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi mwaka 2015, ambako mwajiri anachangia asilimia 0.5 ya mishahara. Mzee aliguna. Nikamwomba afikirie utingo wa bredauni anafanya kazi wapi. Anapiga magoti usiku, pembeni ya lami, anafunga mnyororo kwenye ekseli ya gari la mtu, na mgongoni mwake mabasi ya mikoani yanapita kama risasi. Kati ya kazi zote za mji huu, kama ipo inayohitaji fidia, ni hiyo. Hakuguna tena.

Mpaka hapo alikuwa anakasirika tu. Siku iliyomnyamazisha ni siku ya bima.

Tulikwenda kwa wakala mmoja, dada mpole mwenye miwani. Baba mdogo akasema anataka bima ndogo. Wengi wetu ndiyo tunayoijua, ile ya 118,000 kwa gari dogo binafsi, yaani laki moja na VAT yake, unapata stika, trafiki akisimamisha unapita. Gari la biashara lina bei yake, lakini fikra ni ileile. Dada akaandika, kisha akauliza swali moja.

"Mzee, gari la mteja likidondoka kutoka kwenye bodi yako, nani analipa?"

"Si bima?"

"Hapana, baba."

Akamweleza taratibu. Bima ndogo inamlinda mtu wa nje uliyemgonga. Bima kubwa inaongeza ulinzi wa Canter yako wewe. Lakini gari lililo juu ya bodi si la mtu wa nje uliyemgonga, wala si lako. Ni mali ya mtu iliyo mikononi mwako, na kwa kawaida bima za gari huwa zinaitenga mali ya namna hiyo. Inahitaji bima nyingine, ya mzigo unaosafirishwa, yenye dhima ya msafirishaji. Na usifikiri utaichukua leo ulipe mwisho wa mwezi. Kwa sheria ya bima ya mwaka 2009, ada inatangulia, ulinzi unafuata.

Baba mdogo akatoa kalamu. Akaandika bei ya Canter. Chini yake akaandika bei ya Harrier, moja tu, la mteja mmoja tu. Namba ya chini ilikuwa kubwa kuliko ya juu. Akazitazama kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma jina lake kwenye tangazo la mnada.

Njiani akaniambia jambo ambalo hakuwahi kunisimulia. Zamani pale gereji aliona gari likichomoka kwenye bredauni, waya ulikatika mlimani. Mwenye bredauni aliuza gari, akauza kiwanja, na deni halikuisha. "Na alikuwa fundi mzuri," akasema. "Waya haujui kama wewe ni fundi mzuri."

Jioni kikakaa kikao cha familia. Hoja ya kwanza, ya binamu yangu, ilikuwa ile mnayoitarajia: mbona wenzetu wote wanafanya bila hiyo bima? Mama mdogo, ambaye alikuwa anachambua mchele na nilidhani hasikilizi, akasema bila kuinua kichwa: "Wenzetu hawajaweka mezani mafao ya baba yako." Kikao kikaisha. Canter ya pili waliyokuwa wanaiota imefutwa, rangi mpya itasubiri, na fedha hizo zinakwenda kwenye bima.

Mimi nimehudhuria warsha nyingi za mazingira ya biashara. Ule mpango wa serikali wa mwaka 2018 wa kupunguza tozo na vibali vinavyoingiliana, maarufu kama Blueprint, nimesikia wataalamu wakiueleza kwenye kumbi zenye kiyoyozi na chai ya saa nne. Hoja yao ni ya kweli. Mtu mmoja na Canter moja hapaswi kugonga madirisha yote haya, kutoa nakala zilezile za kitambulisho kilekile, na kupanga fremu asiyoihitaji.

Lakini baada ya mwezi huu nimeanza kuzigawa karatasi mafungu mawili. Zipo karatasi zinazotafuta hela ya mwenye biashara, na zipo zinazomlinda mtu: utingo aliyepiga magoti, mteja aliyelala usingizi huku gari lake likisafirishwa, mzee asiuze kiwanja. Tatizo ni kwamba zote zinakuja na sura moja, kwenye foleni moja, zikidaiwa kwa sauti moja ya ukali. Mfanyabiashara mdogo akichoka na za kwanza, anazikimbia zote. Na angalieni ajabu hii: katika safari yetu yote karatasi iliyokuwa muhimu kuliko nyingine hakuna dirisha la serikali lililotuuliza. Aliyeuliza ni dada wa wakala mwenye miwani.

Kwa hiyo wewe msomaji, siku gari litakapokuzimikia Mbezi usiku wa manane, najua utafurahi kuona bredauni yoyote. Furahi, lakini kabla hujatoa ufunguo uliza mambo matatu. Una bima ya mzigo? Utalipandisha lote au utaliburuza? Risiti unatoa? Akikasirika, umeshapata jibu.

Leseni ya halmashauri imetoka juzi. Ya LATRA tunaisubiri. Canter ipo uani chini ya mwembe, na kila asubuhi mzee anaufungua waya wa winchi wote, anaupitisha kwenye kitambaa chenye grisi akitafuta uzi uliokatika, kisha anaukunja tena.