Tucheze Habari za Babu Zetu

Mimi ni karani wa parokia, kati ya Kibondo na Kasulu, na kazi yangu ni vitabu vya ubatizo, ndoa na vifo. Nilipokuwa nikinakili kitabu kikuukuu kilicholiwa na mchwa, niliona neno likirudi mara nyingi kando ya jina la baba: "Yuko mkonge."

Wazee wajua maana yake. Kodi ya kichwa ilidaiwa, na fedha hapa hazikuwapo. Basi babu zetu walipanda gari moshi kwenda Tanga na Morogoro kukata mkonge. Waliitwa manamba, kwa kuwa kila mtu alipewa namba yake. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi ya kuandikisha watu, SILABU, na Waha wengi waliandikwa. Wengine walirudi na blanketi. Wengine hawakurudi kamwe.

Vijana wetu walikuwa wakitafuta mchezo wa sikukuu ya parokia. Walitaka kuiga sinema: tajiri wa mjini, gari na bastola. Nikawauliza, "Mbona tusiwacheze manamba?" Wakacheka, wakasema hayo ni mambo ya wazee.

Nikawaeleza niliyojifunza chuo cha ualimu. Ebrahim Hussein alipoandika Kinjeketile, mwaka 1969, alichota katika vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907. Penina Muhando aliingiza utambaji wa hadithi katika Lina Ubani, mwaka 1984. Na huko Malya, mkoani Mwanza, mwaka 1982 na 1983, walimu wa chuo kikuu walikaa na wanakijiji, wakatunga michezo juu ya shida za kijiji kwa ngoma za hapo hapo. Hao hawakuiga mji.

Tukaenda kwa bibi mmoja ambaye mumewe hakurudi. Vijana walimwonyesha mke wa manamba akilia na kugaagaa chini. Bibi akawakatiza: "Wajukuu zangu, sisi hatukulia hivyo. Tulilima. Kilio kilikuwa cha usiku." Akawafundisha salamu ya kupiga makofi aliyoagwa nayo. Kisha akasema, "Chezeni, lakini msimfanye kichekesho. Alikwenda kutafuta kodi."

Haikuwa rahisi. Mzee mmoja alikuja ofisini kwa hasira. Baba yake aliwaacha wadogo, akaoa huko Tanga. "Aibu yetu mtaipigia ngoma?" Nilimwahidi kwamba hapatatajwa jina la mtu wala la ukoo, nasi tukashika ahadi. Siku ya mchezo alikuja, akakaa nyuma kabisa, wala hakuondoka mpaka mwisho. Tangu hapo vijana wawili wamekwisha kumwendea kumwuliza habari za siku zile, naye huwajibu.

Enyi wazazi, walioyaona hayo kwa macho wamebaki wachache. Kitabu changu kina maneno mawili tu. Yaliyobaki yamo vifuani mwao. Watumeni watoto wakaulize jioni, kwa adabu, kabla ya kutunga lolote. Wasiowaficha wakosefu wala wasiwavue nguo. Mchezo usiotuonyesha sisi wenyewe hutuburudisha saa moja, kisha hutuacha tulivyokuwa. Huu wa manamba umetufanya tuzungumze nyumbani. Mwacha mila ni mtumwa.