Kidonge cha Kisukari na Kikombe cha Uraka

Mkorosho humpa mkulima vitu viwili kwa mara moja: korosho, ambayo huuzwa, na bibo, ambalo aghalabu halina mnunuzi. Katika Nachingwea na Ruangwa korosho hupelekwa ghalani, ikapigwa mnada chini ya chama kikuu cha ushirika cha RUNALI. Bibo likishaanguka huoza upesi. Basi watu hulikamua, na maji yake yakiachwa yachache huwa uraka. Uraka nao ukichemshwa na mvuke wake ukakingwa, hupatikana gongo, pombe kali ambayo ukali wake haupimwi na mtu. Hivyo msimu mmoja huleta fedha na kinywaji pamoja, na mwenye fedha hana safari ndefu ya kukifikia kikombe.

Ninaye mjomba Ruangwa ambaye kwa miaka mingi alikuwa mtu wa kikombe hicho. Macho yake yakawa ya manjano, tumbo likajaa maji. Jirani yake, mgonjwa wa kisukari, alisikia kwamba vidonge vyake vya metformini hutibu ini pia, akamgawia kwa moyo mweupe. Mjomba akaniuliza: "Mwanangu, wewe uliyesoma, nimeze au nisimeze?" Kwetu Wamwera, mjomba hajibiwi kwa pupa.

Swali lake halikuwa la kipuuzi. Asili ya metformini ni utafiti wa mmea wa Ulaya uitwao Galega officinalis, na tabibu Mfaransa Jean Sterne alitangaza mwaka 1957 jinsi inavyowafaa wagonjwa wa kisukari. Kazi yake kubwa hufanyika katika ini lenyewe, ambalo huzuiwa lisitengeneze sukari kupita kiasi. Tena mwaka 2006 wataalamu walichapisha habari za panya walionyweshwa pombe: waliopewa metformini pamoja nayo walikingwa na mafuta katika ini. Uvumi wa jirani, basi, ulikuwa na mzizi. Lakini mjomba wangu si panya, na ini lake lilikuwa limekwisha pita hatua ya kukingwa.

Yafaa tujue sababu. Misuli na damu hutoa asidi ya laktiki, na ini lenye afya huigeuza kuwa sukari. Metformini huipunguza kazi hiyo, na pombe nayo huipunguza. Ini bovu likizuiwa na wawili hao kwa pamoja, asidi yaweza kurundikana katika damu hata ikamwua mtu. Ndiyo maana karatasi ya dawa hiyo huwaonya wanywaji wakubwa na wenye ini lililoharibika. Kilichomkinga panya chaweza kumwangamiza mtu.

Dawa mpya zaidi ya kisukari imepita njia nyingine. Mwaka 2025 jaribio dogo la watu 48 katika Marekani lilionyesha kwamba semaglutidi, inayodungwa mara moja kwa wiki, ilipunguza hamu ya pombe na kiasi kilichonywewa siku za kunywa. Jaribio hilo halikupima kama ini lilipona. Lilipima kama mkono ulirudi nyuma. Nami naona hapo ndipo penye kiini cha jambo. Ini lenye mafuta tu huweza kupona kwa majuma machache pombe ikiachwa. Lenye makovu halirudi kuwa jipya, lakini mwenye nalo akiacha huongeza siku zake. Hapana kidonge kinachoweza kulitibu ini huku kikombe kikilijeruhi.

Nilimjibu: "Mjomba, mrudishie jirani vidonge vyake, maana yeye anavihitaji. Sisi twende hospitali." Sikumwambia aache pombe usiku ule ule peke yake, kwa kuwa mwili uliozoea ukinyimwa ghafula waweza kutetemeka, kuweweseka, hata kupata kifafa, kuacha nako kwataka mganga wa kusimamia.

Jirani alivipokea vidonge bila kinyongo. Mganga aliona makovu, akasema kweli bila kumkatisha tamaa mgonjwa. Sasa mjomba huhudhuria kliniki, na mabibo yakianza kuanguka huhamia Nachingwea kwa mama yangu, dada yake, ambaye nyumbani mwake hapana mtungi.