Mfundishe Mtoto Kujumlisha Kichwani

Wazazi wengi wa mji wetu wa Goma hudhani kwamba hesabu ni kazi ya mwalimu peke yake. Lakini tangu mwaka 2019, serikali ilipoondoa karo katika shule za msingi za umma, madarasa yamejaa, na mwalimu mmoja hawezi kumsikiliza kila mtoto akipiga hesabu. Awezaye ni mzazi, au babu kama mimi, jioni, maharage yanapochemka polepole.

Mjukuu wangu ana miaka saba. Hukaa mezani pa mama yake, auzaye makala na sabuni kando ya barabara. Kujumlisha 6 na 7 alijua. Lakini 47 na 38 zilimtisha. Alificha mikono chini ya meza akahesabu vidole, navyo vidole ni kumi tu. Siku moja alimrudishia mnunuzi faranga 1,000 zaidi ya haki yake, na mnunuzi akaenda zake. Benki za mji zilikuwa zimefungwa tangu Januari 2025, fedha zilikuwa haba, na jioni ile mboga haikununuliwa. Mama yake hakumpiga, nami namsifu. Mtoto apigwaye kwa ajili ya hesabu hujifunza kuficha, hajifunzi kujumlisha.

Nilianza na mawe. Hapa Goma hatuyakosi: Nyiragongo iliyotapika moto Januari 2002, ikaangamiza hata Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, ilituachia mawe meusi tele. Tukapanga mafungu ya kumi kumi: mafungu manne na mawe saba, kisha mafungu matatu na mawe manane. Nikamwambia akusanye mafungu kwanza: saba. Halafu mawe yaliyobaki: kumi na matano, yaani fungu jingine na mawe matano. Basi, 85. Baada ya siku chache niliyafunika mawe kwa kitambaa, ikambidi ayaone kwa akili.

Shuleni, katika karatasi, huanza na mamoja. Kichwani ni afadhali kuanza na makumi, kwa kuwa ndiyo yatamkwayo kwanza, na mtoto hapotezi kilicho kikubwa akishughulika na kidogo.

Lugha yetu ya nyumbani yasaidia kuliko watu wanavyofikiri. Vitabu husema arobaini, lakini wengi wetu huku Kivu twasema makumi manne, na mtoto huyasikia mafungu katika neno lenyewe. Kifaransa kina matata yake: 85 ni quatre-vingt-cinq, yaani nne, ishirini, tano, na mtoto hubabaika. Heri Wabelgiji walituachia septante na nonante. Watoto wa Ufaransa husema sitini na kumi, maskini! Mwache basi apige hesabu kwa Kiswahili, na jibu tu alitaje kwa Kifaransa mbele ya mwalimu.

Hata rozari ni shule ya makumi: Salamu Maria kumi, mara tano, pamoja na zile tatu za mwanzo, ni 53. Lakini si wakati wa sala. Mjukuu wangu alinong'ona "thelathini na saba" katikati ya fumbo la nne, bibi yake akamkazia macho.

Hesabu zikiwa kubwa, njia njema ni kujaza. Tuseme 1,700 na 850. Elfu moja na mia saba yahitaji mia tatu ili iwe elfu mbili. Zitoe katika 850, zabaki 550; jibu ni 2,550. Mnunuzi akitoa noti ya 5,000, mtoto asihangaike kuondoa, bali apande: 50, afike 2,600, 400, afike 3,000, 2,000, afike 5,000. Arudishe 2,450. Akina mama wauzao sambaza pale Kituku hupanda hivyo upesi, samaki mkononi.

Dakika kumi kwa siku zatosha. Akikosa, usimkatize, mwulize amefikaje hapo. Juma lililopita aliniambia 68 na 27 ni 85. Nilipomwomba anieleze, alisimama katikati ya maneno yake mwenyewe: "Babu, nimesahau fungu moja!" Akasema 95, kisha akataka za mamia. Nikampa 268 na 127.