Baiskeli ya Baba na Kimo Chetu

Wasomaji wengi wa gazeti hili wanayo baiskeli nyumbani, au walikuwa nayo, au walipanda ya jirani kwa ruhusa, na pengine bila ruhusa. Basi hapana haja ya kueleza baiskeli ni kitu gani. Twataka kusimulia habari za baiskeli moja tu, ambayo baba yetu aliinunua kwa fedha za pamba kabla hatujazaliwa, zamani Bariadi ilipokuwa bado katika Mkoa wa Shinyanga, maana Mkoa wetu wa Simiyu uliundwa mwaka 2012. Ni Raleigh nyeusi, ya chuma kitupu, magurudumu yake inchi 28, breki zake za fito za chuma wala si za waya, na kengele yake husikika toka kisimani hata uani.

Baba alipozeeka, magoti yake yakakataa, akatupa sisi. Tulifurahi mno. Kazi yetu ni ualimu wa shule ya msingi, na toka tulikopanga nyumba hata shuleni ni mwendo wa saa nzima kwa miguu. Zaidi ya hayo, tangu utoto tulikuwa tukiitamani baiskeli ile. Tulijifunza kuendesha kwa kupenyeza mguu mmoja chini ya chuma cha juu, mwili umepinda ubavuni kama tawi lililovunjika, kwa kuwa kukaa kitini hatukuweza. Baba alikuwa akituona akicheka, asituzuie. Hatukujua kwamba hata tukiwa watu wazima tungebaki nusu ya hali ile.

Yafaa tueleze jambo la kipimo, kwa kuwa watu wengi hununua baiskeli kama wanunuavyo mbuzi, wakitazama uzima wake tu. Fremu ina namba yake. Hupimwa kwa inchi toka katikati ya ekseli ya pedeli mpaka juu ya bomba linaloshika kiti. Ya baba ni inchi 24. Baba ni mtu mrefu sana; sisi tumemfuata mama. Siku moja tulisimama ukutani, tukabana kitabu kigumu katikati ya mapaja, tukapima toka kitabuni mpaka chini pamoja na viatu: sentimeta 84. Kisha tukapima chuma cha juu cha baiskeli toka ardhini: sentimeta 87. Msomaji aweza kutoa hesabu hiyo mwenyewe. Tukisimama juu ya baiskeli ile, lazima ilale upande mmoja ndipo mguu upate ardhi.

Na kiti nacho kina sheria yake. Keti, weka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa. Mguu unyooke bila nyonga kuinama. Ukiisha kuweka wayo mahali pake, goti litapata mpindo mdogo, nao ndio unaotakiwa. Kiti kikiwa chini mno, goti huuma kwa mbele. Kikiwa juu mno, huuma kwa nyuma, na nyonga huyumba huku na huku kama za bata. Sisi tulikishusha kiti mpaka mwisho, na bado tuliyumba.

Katika mji wa Bariadi tuna wenzetu watano wapendao baiskeli za chuma za zamani. Wawili ni walimu, mmoja seremala, mmoja muuza duka, na mmoja alikuwa mpima pamba mnadani. Jumamosi tulikuwa tukikutana kwa fundi, chini ya mwembe, na maneno yalikuwa mengi kuliko kazi. Wenye Raleigh huwadharau wenye Phoenix ya Shanghai, na wenye Phoenix hujibu kwamba kiwanda cha Raleigh cha Nottingham kilifungwa mwaka 2002, basi waabuduo Raleigh waabudu marehemu. Mwenye Hero ya Bara Hindi hunyamaza, kwa kuwa baiskeli yake haiharibiki na hana la kutetea.

Lakini kwa jambo moja sote twapatana, nalo ni chuma. Chuma hupinda kabla ya kuvunjika, basi humpa mtu habari mapema. Kikivunjika, fundi wa kijijini hukiunga kwa moto na shaba, ukarudi nyumbani jioni ile ile. Fremu za aluminiamu ni nyepesi, lakini zikipasuka huku kwetu, fundi wetu hutikisa kichwa tu. Tena baiskeli hizi za kale zimejengwa ndefu, shingo yake imelala nyuma, kwa hiyo hazina papara. Zapita juu ya mawe na makorongo kama mzee apitaye sokoni. Umbo lenyewe si geni: ni lile la magurudumu mawili sawa na mnyororo wa nyuma lililotolewa na John Kemp Starley huko Coventry mwaka 1885. Miaka mitatu baadaye Dunlop akaleta tairi la upepo, na tangu hapo wanadamu wamebadilisha mapambo zaidi kuliko kiini.

Mwaka 2019 katika tamasha la Simiyu Jambo palikuwa na mbio za baiskeli hapa Bariadi, tukaziona baiskeli za mashindano, nyembamba kama nzige. Tulizistaajabia. Hata hivyo hazina keria, na mtu asiye na keria Usukumani atamchukuaje mgonjwa, au gunia la mahindi, au mkwewe?

Wenzetu walipoona tunavyoyumba, kila mmoja alitoa shauri. Mmoja alisema tukate bomba la kiti inchi mbili. Fundi akacheka, akatuonyesha kwa kidole: ukikata hapo, chuma cha juu hakina pa kushika; ukikishusha, na bomba la shingo halilingani tena; mwishowe umetengeneza baiskeli nyingine, mbaya. Mwingine alisema tuiuze, tununue ya inchi 22, ambayo chuma chake cha juu kipo sentimeta 82 tu. Shauri hilo lilikuwa jema, nasi tulilikataa kwa hasira. Tuliona kama ametuambia tumuuze baba.

Seremala ndiye aliyetupa shauri tulilolipenda: akatuchongea vibao viwili, akavifunga juu ya pedeli. Loo! Mara nyonga zikatulia, maumivu ya goti yakaisha ndani ya juma mbili. Tukawa tunajisifu barabarani. Kumbe vibao viliileta pedeli kwenye mguu, ila ardhi havikuileta. Twaendesha vizuri, lakini kusimama ni kule kule. Na kwa kuwa tuliendesha vizuri, tulianza kwenda kasi.

Basi mwezi wa Julai, mvua zimekwisha na pamba imekwisha kuuzwa, tulifanya safari ya Lamadi, watu sita. Barabara ya lami toka Bariadi mpaka Lamadi ni kama kilometa 72, nayo huishia kwenye njia kuu ya Mwanza na Musoma, karibu na ziwa. Waingereza walianzisha chama cha wasafiri wa baiskeli tangu mwaka 1878. Sisi hatuna chama wala daftari, tuna desturi tu. Aliye dhaifu ndiye atoaye mwendo. Wa mbele huinua mkono akitaka kusimama. Kila mtu achukue viraka, solusheni na pampu yake, wala asitegemee ya mwenzake. Tulikwenda siku ya kwanza, tukala samaki, tukalala, na asubuhi tukarudi.

Karibu na Dutwa kundi la ng'ombe lilikuwa likivuka barabara. Wa mbele akainua mkono. Tulivuta breki, nazo zilishika vema. Hatuna la kuzilaumu. Baiskeli ikasimama, nasi tukateremsha mguu kutafuta ardhi, tusiipate. Mwenzetu mwalimu alikuwa amekwisha kusimama kando yetu, akiwatazama ng'ombe. Tulimwangukia sisi na kilo ishirini za chuma cha baba. Tulisikia mlio kama kijiti kikavu. Ulikuwa mfupa wake wa mtulinga.

Hakutukemea. Alikaa ukingoni mwa barabara, ameushika mkono wake, akauliza kama gurudumu letu la mbele limepinda. Swali hilo lilituuma kuliko tusi. Gari likamchukua mpaka hospitali; mkono ukafungwa majuma sita. Majuma yote hayo tulifundisha darasa lake pamoja na letu, tukasahihisha madaftari yake usiku, wala hatutaji hayo ili tusifiwe, kwa kuwa lilikuwa deni. Tulipokwenda kumjulia hali, mkewe alitupokea kwa heshima, akatupa kiti na uji, kisha akasema, “Mwalimu, samahani, niulize. Ile baiskeli ulijua kwamba ni kubwa?”

Tukajibu, “Tulijua, dada.”

Akasema, “Basi,” akaenda jikoni.

Jumapili iliyofuata tuliisukuma baiskeli kwa miguu sehemu kubwa ya njia hata kijijini. Tulimkuta baba uani, tukamwamkia, tukamweleza yote bila kuficha. Tulidhani atahuzunika kwamba twamrudishia zawadi yake. Alinyamaza kitambo, akiushika usukani kama mtu ampapasaye ng'ombe wake. Ndipo aliposema, “Mwanangu, mimi niliinunua kwa kimo changu. Dukani zilikuwapo nyingi. Mwenye duka alinisimamisha juu yake mara tatu kabla hajapokea fedha. Ningekuwa na kimo chako, ningenunua nyingine. Wewe ulidhani nilikupa nini?”

Hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumedhani ametupa nafsi yake, naye alikuwa ametupa chombo cha kwendea kazini.

Mtoto wa dada yetu, kijana wa miaka kumi na tisa, yuko pale pale nyumbani. Kwa miguu amemfuata babu yake. Tulimwambia apande. Akasimama juu ya baiskeli, nyayo zake zote mbili zikakaa ardhini sawasawa, na chuma cha juu hakikumgusa. Baba akamwamuru akipandishe kiti vidole viwili, kisha azunguke mbuyu arudi. Alipokuwa akizunguka, baba hakutazama, alisikiliza mnyororo. Akasema gololi za mbele zataka mafuta. Siku hizi kijana huyo huchukua maziwa mpaka mjini kila asubuhi, na akitupita barabarani hupiga kengele ile, nasi hugeuka hata leo kama watoto.

Sisi tulinunua Phoenix kuukuu ya inchi 22 kwa yule muuza duka, naye hakukosa kutukumbusha maneno yetu ya zamani juu ya Phoenix. Mwenzetu amepona, bega lake lina kinundu kidogo, nalo humsumbua akiandika juu sana ubaoni. Jumamosi twaenda pamoja, ila sasa yeye hupenda kukaa nyuma yetu hatua kumi, wala hatumwulizi kwa nini.

Vile vibao viwili tulivifungua siku ile ile uani kwa baba, tukataka kuvitupa. Mama akavitaka. Amevitia chini ya mtungi wa maji, ambao siku zote ulikuwa ukiyumba.