Kura Yangu Iko Matisi

Uchaguzi ukikaribia, wachambuzi wa Nairobi hututia kwenye gunia moja: Bungoma na Trans Nzoia, kura ya Wabukusu, ngome ya simba wa Ford Kenya, basi. Mimi nimekulia Sirisia, Bungoma, na sasa nimepanga chumba Matisi, Kitale. Hizi ni siasa mbili tofauti kabisa.

Angalia Saboti, eneo bunge langu la sasa. Lina wadi tano. Kinyoro, Machewa na Saboti yenyewe ni mahindi tu. Tuwan na Matisi ni mji: nyumba za kupanga, bodaboda, mitumba. Michael Kijana Wamalwa wa Ford Kenya alikuwa mbunge hapa tangu 1992 hadi alipofariki Agosti 2003, akiwa makamu wa rais. Leo? Tangu 2017 mbunge ni Caleb Amisi wa ODM. Chungwa, kwa shamba la simba! Mwaka 2022 kaunti nzima ilimpa William Ruto kura nyingi za urais, kisha ugavana ikampa George Natembeya wa DAP-K, chama kilichokuwa upande wa Azimio. Sasa vijana wanaitikia "Tawe" yake, yaani hapana kwa Kibukusu, na wazee wa simba wanaambiwa hivyo kwa lugha yao wenyewe.

Kwa maoni yangu, chanzo ni ardhi. Huku kulikuwa mashamba ya walowezi. Baada ya uhuru watu wa makabila mengi walikuja kununua, wengine kwa mikopo, wengine kwa vikundi. Mtu aliyenunua shamba anauliza bei ya mahindi, mbolea na title deed. Chama cha babake atakifikiria baadaye, akipata nafasi. Sirisia ni tofauti: makaburi ya mababu yako pale pale nyuma ya nyumba, na Moses Wetang'ula, aliyeanza kuwa mbunge wetu 2002 na sasa ni Spika, watu wanamzungumzia kama jamaa hata wakiwa wamemkasirikia.

Ndiyo maana nilipomwambia Kukhu nahamisha kura yangu kabla ya 2027, alinyamaza kwanza. "Mjukuu wangu," akasema, "kura ni kama kitovu. Haizikwi kwa watu."

Baba mdogo alikuwa mkali zaidi. Anataka kugombea MCA, na kwa wadi ndogo kura za ukoo zinahesabiwa moja moja. Aliahidi hata kunitumia nauli siku yenyewe. Lakini maji machafu yanapita mbele ya mlango wangu huku Matisi, na kodi nalipa huku. Nikamwambia nitakuja kumpigia kampeni wiki nzima, kura itabaki hapa.

Hajanipigia tena. Kukhu ndiye anapiga, kuuliza kama tumekosana.