Mgeni wa mkia wa mjeledi asimwagwe mtoni

Kuna watu ambao wakisikia neno kambare hukumbuka sufuria, nami siwalaumu. Katika kaunti za Migori na Homa Bay, kambare anayefahamika ni mumi, yule mwenye sharubu ndefu ambaye akiletwa mezani pamoja na ugali mazungumzo yote hukoma. Ndiyo maana nikisema kwamba sebuleni kwa dada yangu huko Ntimaru wamo kambare wanaolishwa kila jioni, wanaobadilishiwa maji kila wiki, na ambao hakuna anayekusudia kuwala, marafiki zangu wa Nairobi huniuliza iwapo nimekosa shughuli.

Shughuli ninayo. Lakini kwa kuwa familia nyingi za mijini huweka tangi la samaki la kioo sebuleni, liwe pambo au njia ya kuwabandua watoto kwenye simu, nimeonelea niwaeleze wasomaji tuliyojifunza kuhusu samaki huyu: namna ya kumtambua, kumtunza na kumzalisha. Nitaeleza pia mzozo uliozuka katika ukoo wetu alipozaa kupita nafasi tuliyokuwa nayo. Kwa hakika, mzozo huo ndio ulionifanya nishike kalamu.

UTAMTAMBUAJE?

Kambare wa mkia wa mjeledi ni mzaliwa wa mito ya Marekani ya Kusini. Ni wa jamii iitwayo na wataalamu Loricariidae, yenye aina zaidi ya 1,000. Jina hilo linatokana na neno la Kilatini, lorica, lenye maana ya deraya, vazi la vita la askari wa Kirumi. Ukimgusa utaelewa sababu. Mumi wetu ni mtelezi, hana hata gamba moja. Huyu mwili wake umefunikwa kwa vibamba vya mfupa vilivyopangwa kama vigae vya paa. Mdomo wake uko chini ya kichwa, nao umeumbwa kwa namna ya kujibandika kwenye jiwe au gogo ili mkondo wa maji usimchukue. Hata jicho lake lina ajabu: mwanga ukiwa mkali, kijikunjo hushuka juu ya mboni mfano wa pazia dirishani.

Tahadhari ianzie dukani. Wauzaji wengi huwaita samaki wote wa mdomo wa namna hiyo kwa jina moja, “wa kusafisha tangi”, na mnunuzi hurudi nyumbani asijue alichobeba. Mtazame mkiani. Huyu wetu ni mrefu, bapa, mwenye kiuno chembamba kama kijiti, na kutoka pembeni mwa pezi la mkia huchomoza uzi unaoyumbayumba majini kama mjeledi. Binamu yake aitwaye Pterygoplichthys ni mnene, na pezi lake la mgongoni ni pana kama tanga la jahazi. Huyo hununuliwa akiwa na urefu wa kidole, lakini anaweza kupita sentimita 40. Nyumba nyingi hujikuta na jitu lisiloweza hata kugeuka ndani ya tangi.

Miongoni mwa wenye mkia wa mjeledi, wanaouzwa zaidi ni wale wa kundi la Rineloricaria, lenye aina zaidi ya 60. Wengi wao hukomea sentimita 10 hadi 15 hivi, bila kuhesabu ule uzi. Wapo pia Farlowella, wanaofanana kabisa na kijiti kikavu, na Sturisoma wenye pua iliyochongoka. Sisi tulianza na Rineloricaria wanne. Niliwanunua Nairobi na kuwasafirisha usiku kwa basi, ndani ya ndoo yenye kifuniko, nikiwa nimeipakata kama mtoto mchanga.

MAKAO NA MLO

Dada yangu ni mwalimu wa sayansi. Alipohamishiwa Ntimaru, ambako ni kwa wajomba zetu, alikwenda na tangi la urefu wa mita moja, linalobeba takriban lita 120. Chini aliweka mchanga laini, kwa maana changarawe yenye ncha huumiza tumbo na mdomo wa samaki anayetambaa. Juu yake aliweka mawe mawili matatu na gogo kavu la mpera alilolichemsha kwanza.

Kisha alifanya jambo linalowashinda wengi: alingoja. Kinyesi na masalio ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu kwa samaki. Ndani ya chujio huota bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, nayo bado ni sumu, halafu wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo si hatari sana ikiwa robo ya maji itabadilishwa kila wiki. Bakteria hao huchukua majuma manne hadi sita kujenga makao yao. Anayeweka maji asubuhi na samaki jioni, basi aandae na kaburi.

Maji ya mfereji wa mjini huwa na klorini, na yafaa yatiliwe dawa ya kuiondoa, ambayo huuzwa katika maduka ya samaki wa mapambo. Ntimaru mvua si haba, na maji ya mvua ni laini kama yale ya mito mingi ya Amazoni. Hata hivyo, mvua ya kwanza huachwa ioshe mabati, na maji yanayokingwa baadaye huchanganywa na ya kisima, kwa kuwa ya mvua pekee hayana madini ya kutosha.

Joto linalowafaa ni kati ya nyuzi 24 na 26. Usiku wa huko juu una baridi, kwa hivyo hita ni lazima. Na stima ikipotea? Dada huzungushia tangi blanketi, huwasha pampu ndogo ya hewa inayotumia betri, na hawalishi hadi stima irudi, kwa sababu chakula kinachooza hula hewa ambayo samaki wanaihitaji.

Kuhusu mlo, usidanganywe kwamba atashiba kwa kulamba ukungu wa kijani kwenye kioo. Mpe tango, spinachi au sukuma wiki iliyochemshwa kidogo bila chumvi, pamoja na chakula cha punje kinachozama. Mpe jioni taa zikizimwa, kwani ndipo anapochangamka, na asubuhi uondoe masalio.

BABA MLEZI

Dume akikomaa huota vinyweleo vigumu mashavuni, mfano wa ndevu za siku tatu. Jike hana ndevu hizo, na ukimtazama kutoka juu utaona tumbo lake ni pana zaidi. Tuliwawekea kipande cha bomba la plastiki chenye urefu wa sentimita 20, upana wa kumtosha dume kuingia bila nafasi kubwa ya kubaki. Baada ya miezi kadhaa, dada alinipigia simu saa tano usiku. Nilidhani kuna msiba. “Ametaga,” alisema, “na mama ameondoka zake.”

Ndivyo ilivyo kwa samaki hawa. Jike hutaga ndani ya bomba, kisha huenda zake, na ulezi wote huachiwa baba. Dume hulala juu ya mayai, huyapepea kwa mapezi ili yapate maji yenye hewa, huyasafisha kwa mdomo, na mara nyingi hata chakula hukipa kisogo. Binamu zake wa kundi la Loricaria wamezidi: dume huyabeba mayai yakiwa yameshikamana chini ya mdomo wake, akaenda nayo kila aendako. Katika Ziwa Viktoria letu, kwa upande mwingine, kuna furu, wale samaki wadogo wa rangi za kupendeza, ambao kwao ni mama anayeyahifadhi mayai na watoto ndani ya kinywa.

Dada hakuacha nafasi hiyo impite. “Umeona baba wa watu?” alimwambia mumewe. “Hatoki hata kwenda kutazama mpira.” Shemeji alicheka, lakini niliona alichelewa kutoka jioni hiyo.

Mayai huanguliwa baada ya wiki moja au siku kumi hivi, kutegemea joto. Vifaranga hubeba akiba ya kiini kwa siku mbili tatu. Baada ya hapo lazima wale mara kadhaa kwa siku, chakula kilichosagwa na mboga iliyolainika, la sivyo hufa haraka. Wanafunzi wa dada walikuja makundi makundi kuwatazama. Walioanguliwa mara ya kwanza walipona wachache. Mara ya pili tulipata zaidi ya 40. Mara ya tatu tuliacha kuhesabu.

OMBI LA MJOMBA

Hapo ndipo mjomba alipoingia. Mzee huyu ndiye aliyempokea dada Ntimaru, akamtafutia nyumba na kumtambulisha kwa majirani. Kuanzia mwaka 2009, serikali ilipokuwa ikihimiza ufugaji wa samaki kote nchini, naye alichimba bwawa kwa gharama yake. Samaki wake waliisha, na bwawa likabaki tupu kama jicho lililopofuka. Kila akipita hapo humuuma.

Aliketi, akalitazama tangi lililojaa, akatabasamu. “Wapwa zangu, mnahangaika na nini? Wamimineni bwawani kwangu. Mgeni njoo, mwenyeji apone!”

Watoto walishangilia. Dada alinitazama. Kumkatalia mjomba mbele ya watu, tena mjomba aliyekutendea wema, si jambo jepesi. Lakini nilijua kwamba mvua za Aprili zikizidi, bwawa lile hufurika na maji yake huingia kijitoni. Na maji yote ya nchi ya Wakuria, yawe yanateremkia Mto Migori au yanavuka mpaka kuingia Tanzania, mwisho wake ni Ziwa Viktoria.

Nikamkumbusha gugumaji. Nalo asili yake ni Marekani ya Kusini, nalo lilipendwa na watu kwa uzuri wa maua yake ya zambarau, wakalipanda vidimbwini kama pambo. Karibu mwaka 1990 lilikuwa limefika upande wa Kenya wa ziwa. Muda si muda bandari za Kisumu na Homa Bay zikazibwa, mashua zikakwama, na mwishoni mwa miaka ya 1990 ikabidi waletwe wadudu wa kulitafuna, ambao pia asili yao ni huko huko. Halijaisha hadi leo.

“Hilo ni jani,” mjomba alijibu. “Mimi nazungumzia samaki. Kwani mbuta hakuleta pesa?”

Alileta; haki isemwe. Mbuta aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na mapema miaka ya 1960, akaongezeka ghafla katika miaka ya 1980, na viwanda vya minofu vikaajiri watu wengi. Lakini wataalamu wanakadiria kwamba furu walikuwa aina 500 au zaidi, na kwamba takriban 200 kati yake huenda zimetoweka, mbuta akiwa miongoni mwa sababu kuu. Baadhi ya aina zao zilikuja kutunzwa katika matangi ya Marekani na Ulaya, samaki wetu wakawa wakimbizi ng'ambo.

Nilimweleza pia kuhusu wale binamu wenye pezi la tanga. Walipoachiliwa nchini Meksiko, katika ziwa la bwawa la Infiernillo, walijaa nyavuni mwa wavuvi wa tilapia, na mashimo wanayochimba ili kutagia hubomoa kingo. Hawa wetu wadogo huenda wangekufa kwa baridi katika wiki ya kwanza, na huo ungekuwa ukatili. Au wangeishi, na huo ungekuwa mkosi ambao hakuna awezaye kuurudisha ndooni.

Mjomba alinyamaza kitambo. Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia. Alisema walipokuwa vijana, mvua ikinyesha walikuwa wakiwangoja ningu mtoni, samaki waliopanda kutoka ziwani kuja kutaga. “Walikuja wengi,” alisema. “Siku hizi ningu yuko wapi?” Ningu aliangamizwa zaidi na nyavu zilizotegwa kwenye midomo ya mito, zikamnasa akiwa bado na mayai tumboni. Hakuna mgeni aliyehitajika kwa hilo. “Basi,” mjomba akasema, “wenyeji wenyewe hatujawatunza, na mimi nataka kuwaletea wageni.”

TULIVYOAMUA

Bwawa la mjomba lilitiwa vifaranga vya mumi, ambaye ni mwenyeji wa maji haya, kutoka kwa mzalishaji aliyeelekezwa na maafisa wa uvuvi. Vifaranga wetu baadhi walikwenda kwenye tangi la shule, wengine nikawarudisha Nairobi kwa wafugaji ninaowafahamu. Dada naye aliondoa lile bomba, na tangu hapo samaki wake wanaishi kwa amani bila kutaga.

Kwa hivyo, msomaji, kabla hujamnunulia mwanao samaki, muulize muuzaji mambo matatu: jina lake kamili ni nani, atakuwa mkubwa kiasi gani, na akizaa watoto watakwenda wapi. Asipokuwa na majibu, tafuta duka jingine. Na siku utakapochoka na tangi, mpe jirani anayejua kutunza au mrudishe dukani. Usimwage mtoni, wala bwawani, wala kwenye mtaro wa nyuma ya nyumba. Mtaro nao huenda mahali.